Ngazi Iliyopinda Kushoto: Maisha ya Dada Yangu, Mama Ngazi

Watumishi wa Mungu, wanafamilia, majirani, na ninyi wanafunzi wake wa zamani mliosimama hadi nje ya lango kwa sababu viti vimekwisha, nawasalimu kwa unyenyekevu kwa niaba ya familia. Mimi ni mdogo wake marehemu, yule fundi cherehani ambaye baadhi yenu nimewashonea na wengi wenu, nakiri, nimewachelewesha. Elimu yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo nikijikwaa kwenye neno mnivumilie, maana maneno mazito yaliyomo humu ni yake, si yangu.

Historia hii aliiandika mwenyewe, kwa kalamu ya bluu, katika daftari dogo la shule, wiki tatu kabla ya kututoka, akanikabidhi mbele ya mumewe na kuniagiza niinakili kwa mwandiko unaosomeka, nisiongeze sifa, nisipunguze tarehe, kwa kuwa, alisema, watu wakishakufa huwa warefu kuliko walivyokuwa. Akaongeza kwamba nisichelewe, maana safari hii mteja hataweza kuambiwa aje kesho. Nimenakili kama alivyoagiza, tarehe kwa tarehe, isipokuwa mstari mmoja tu ambao nimekataa kuunakili, na nikiufikia nitasimama niwaeleze sababu, kwa maana mstari huo umeninyima usingizi kuliko hata msiba wenyewe, Mungu anisamehe.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Februari 1959, alfajiri, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa fundi cherehani na mfuaji wa nguo za hospitali, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya jengo la kufulia, ambako ukuta mmoja wa chumba chetu ulikuwa na joto mwaka mzima kwa sababu upande wa pili kulikuwa na boila. Mama alitusimulia kwamba neno la kwanza alilolitamka sawasawa ni "mbona", ingawa mama naye, Mungu amrehemu, alipenda kukoleza chumvi. Lenye mashahidi ni hili, kwamba alipokuwa na miaka sita alifumua bega la koti la mteja wa baba, koti lililokuwa tayari limepigwa pasi, ili aone kinachoshikilia bega lisilale, akachapwa kwanza, kisha baba akamkalisha chini akamwonyesha kitambaa kigumu cha ndani, mshono kwa mshono, kwa sababu baba alikuwa mkali lakini hakuwa mchoyo wa kujibu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, na sekondari kuanzia 1973 hadi 1976, na huko ndiko alikoonyeshwa darubini kwa mara ya kwanza, akatazama ngozi laini ya ndani ya shavu lake na kuziona seli, vyumba vidogo vilivyobanana kama nyumba zetu. Alirudi nyumbani siku hiyo akatukwangua mashavu sote kwa kijiti cha meno, mimi, mama, hata jirani aliyekuja kuazima chumvi, akapaka alichopata juu ya kipande cha kioo na kukitia tone la wino. Tukamcheka, tukamuuliza sasa ataziona kwa macho gani na darubini iko shuleni, naye akajibu kwamba asipoziona leo si kitu, anachotaka ni kujua kwamba zipo. Nami nimesikia mahubiri mengi kuhusu imani, lakini jibu hilo la binti wa kidato cha kwanza bado ninalo.

Kuanzia 1977 hadi 1979 alisomea ufundi wa maabara, akafaulu vizuri na kupata nafasi ya kuendelea mbele, lakini mama aliugua mgongo, kaka mkubwa alikuwa mbali kikazi, na mimi kitinda mimba nilikuwa darasa la tano, kwa hiyo aliirudisha nafasi ile na kurudi nyumbani. Hakulisema jambo hilo tena, wala daftari halisemi zaidi ya hapo, nami nisiongeze.

Tarehe 1 Julai 1979 aliajiriwa katika maabara ya baiolojia ya chuo cha ualimu, akiwa msaidizi, na mwaka 1986 akathibitishwa kuwa fundi wa maabara. Chumba kile wengi wenu mnakijua, meza kumi na moja, sinki nne ambazo ni moja tu iliyokuwa ikipitisha maji vizuri, dirisha la kaskazini lisilofunga, na pale kwenye sinki Mzee wa Chupa, muosha vyombo, ambaye alivisemesha vyombo vyake kama wajukuu. Ni sinki hizo zilizomletea mume, kwa sababu fundi bomba aliitwa kuzizibua, akazizibua, akarudi tena wiki iliyofuata, na mara ya tatu Mzee wa Chupa alimwambia mbele za watu kwamba kijana, kilichoziba hapa si sinki. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1983, ambaye ni mwalimu wa hesabu, na wa kike aliyezaliwa tarehe 20 Septemba 1988, ambaye aliikimbia darubini ya mama yake na sasa ni mshonaji. Nilipojigamba kwamba mtoto huyo amenifuata mimi, marehemu alinikata, akasema hakumfuata mtu, herufi zile ni za babu yake, zilipitia kwetu tu kama wageni.

Hizo herufi ndizo sababu ya jina lake, na hapa naomba niende taratibu, kwa kuwa nilichukua miaka kuzielewa na bado sina hakika kama nimezielewa zote. Mwezi wa Machi 1991 alikuja dukani kwangu na mchoro wa penseli, akaniomba nimshonee ngazi. Alisema ndani ya kila seli ya mwili kuna uzi ambao ukinyooshwa wote, kwa seli moja tu ambayo jicho haliioni, unafika mita mbili. Nilipima mita mbili za uzi kwa futi ya kushonea, nikazilaza mezani, nikazitazama, nikamwambia dada, usinitanie. Alisema uzi huo una pande mbili kama miguu miwili ya ngazi, upande mmoja ukielekea juu na mwenzake ukielekea chini, na vidato vyake ni vya aina nne za herufi, ambazo zina majina ya kuvunja ulimi, nimeyaandika yanavyotamkwa, adenini, thaimini, guanini na saitosini. Herufi hizo zina ndoa zake, adenini haimkubali mwingine ila thaimini, na guanini haimkubali mwingine ila saitosini, na kutokana na ndoa hizo, ukiwa na upande mmoja tu wa ngazi mkononi, waweza kuujua upande wa pili wote bila kuuona.

Basi nikashona vidato vya vitambaa, vyekundu kwa vya njano nikavitia vifungo viwili viwili vya kubonyeza, bluu kwa kijani nikavitia vitatu vitatu, kwa sababu ndivyo herufi zenyewe zinavyoshikana, ndoa ya kwanza kwa vifungo viwili, ya pili kwa vitatu, na sikuamini kwamba Muumba naye anahesabu vifungo. Miguu ya ngazi ikawa mikanda miwili yenye waya mgumu ndani, ambayo jirani yangu fundi wa kuchomelea aliipindisha kwa kuizungushia kwenye bomba la maji, kwani ngazi hiyo haisimami wima kama ya mpiga rangi, imejipinda yenyewe kama parafujo.

Alikuwa akiifundishia hivi, na mliokuwepo mtanirekebisha. Wanafunzi waliachanisha vifungo kuanzia mwisho mmoja, huku wakiizungusha ili mguu mmoja ujinasue ndani ya mwenzake, kisha wakachukua vipande vya akiba kutoka kwenye boksi, wakabandika chekundu penye njano na bluu penye kijani, na ngazi moja ikawa mbili, kila moja ikiwa na mguu wa zamani na mguu mpya. Hivyo ndivyo mwili unavyojinakili kila seli inapogawanyika, hakuna nakala iliyo mpya yote, wala hakuna ya zamani yote. Ndani ya seli kazi hiyo hufanywa na mafundi wadogo aliowaita vimeng'enya, mmoja anafungua, mwingine analeta herufi na kuzipachika, lakini huyu mpachikaji anajua kushona kwa kwenda upande mmoja tu, kwa hiyo mguu mmoja huushona moja kwa moja, na ule wa pili huushona kwa vipande vifupi vifupi, kisha anakuja fundi mwingine kuviunganisha. Nilimwambia kwamba fundi wa namna hiyo, wa viraka, mimi ningemfukuza siku ya kwanza. Akacheka hadi akashika meza, akasema, mdogo wangu, fundi huyo ndiye aliyekushona wewe.

Nilimuuliza pia kama hakosei. Akasema hukosea, ila ana tabia ya kugeuka nyuma, akiona herufi aliyoiweka sasa hivi haipatani na mwenzake huing'oa na kuweka nyingine, na hata akishapita, wapo wakaguzi wanaokuja baada ya kazi kwisha, na wakikuta herufi mbili hazipatani, huuamini mguu wa zamani, kwa kuwa huo ndio kiolezo, wakakata kipande cha mguu mpya na kukishona upya. Kwa ukaguzi wote huo, alisema, linaweza kuponyoka kosa moja katika herufi bilioni moja. Naomba mlikumbuke hilo la kuuamini mguu wa zamani.

Sasa nakiri. Sisi mafundi cherehani huchora kwa chaki upande wa ndani wa kitambaa, ule usioonekana, ni desturi ya mkono wangu tangu utoto, na mchoro wake wa penseli niliutendea vivyo hivyo, niliuweka kwenye kioo cha dirisha nikaufuatisha kwa kalamu upande wa nyuma wa karatasi, na mchoro huo wa nyuma ndio niliompa jirani yangu apindishe waya. Nilikuwa nimemwahidi dada kazi kwa tarehe 4 Mei 1991. Jioni ya tarehe 3, ngazi ikiwa imekwisha, parafujo ilidondoka kutoka kwenye cherehani yangu ikabingirika hadi chini yake, na nilipoiokota niliziona zimekaa pamoja, parafujo imejipinda huku, ngazi yangu imejipinda kule. Nilitazama mchoro wake, nikaona umejipinda kama parafujo, kulia. Ya kwangu ilikwenda kushoto. Nikaigeuza kichwa chini nikidhani itajirekebisha, ikabaki ya kushoto. Nikaigeuza parafujo nayo kichwa chini, ikabaki ya kulia, na Mungu ananiona, kwa dakika kadhaa nilisahau hofu yangu yote, nikawa nazigeuzageuza tu kama mtoto, nikishangaa kwamba kuna kitu ambacho hakijali juu wala chini na bado kinajua upande wake. Kisha hofu ikarudi. Kuirekebisha kungehitaji waya mpya na wiki mbili, na nilikuwa nimeahidi kesho. Nikasema moyoni, nani atatazama. Nikaipeleka.

Ilining'inizwa darini siku hiyo hiyo, na toka hapo dada yangu akaitwa Mama Ngazi.

Mwezi Agosti 1998 alikuja mkaguzi wa vyuo, mtu makini, aliyesimama chini ya ngazi akiwa amekunja vidole vya mkono wa kulia na kuinua dole gumba ili apime imejipinda upande gani, akauliza ni nani aliyeandaa zana ile yenye kosa. Wakati huo jina la marehemu lilikuwa limependekezwa kwa usimamizi wa maabara zote za chuo. Alijibu kwamba kosa ni lake, mchoro ulikuwa wake. Usimamizi alipewa mwingine, naye marehemu aliambiwa aiteremshe ngazi, hakuiteremsha, badala yake alitundika chini yake kibao ambacho ninyi nyote mmekisoma, "Kuna kosa moja katika ngazi hii. Litafute." Kila mwaka darasa jipya liliingia, likaanza kuhesabu vifungo, kubishana juu ya rangi, kulala chali sakafuni kutazama juu, na yeye hakumwambia mtu hata mmoja jibu, alisubiri. Nasikia ilikuwa inachukua siku nne, tano, na kwamba wapo walimu leo ambao walipenda baiolojia kwa sababu ya kosa lile.

Mimi hayo ya mkaguzi sikuyajua hadi mwaka 2010, nilipokwenda kumpima suruali Mzee wa Chupa, naye akanisimulia huku akidhani nayajua. Nilishindwa kuendelea kupima. Na baada ya kujua nilinyamaza tena miaka kumi na mitatu, kwa aibu, nikila chakula mezani kwake.

Marehemu alistaafu tarehe 11 Februari 2019. Mwezi Juni 2022 alianza kuumwa tumbo, na vipimo vikaonyesha saratani ya utumbo mpana, akapasuliwa tarehe 30 Agosti mwaka huo, akaendelea na matibabu. Madaktari watanisamehe nikisema aliwachosha kwa maswali, kwani alitaka kujua ni herufi ipi iliyoponyoka, na mkaguzi yupi aliyelala, na alipoambiwa kwa uaminifu kwamba hawajui yote, alionekana kufarijika, kama mtu aliyekuta kazi bado ipo.

Mwezi Septemba mwaka huu, 2023, nilimweleza yote kando ya kitanda. Aliomba maji, akanywa, kisha akaniuliza kama miaka yote nilidhani yeye ni kipofu. Aliliona kosa siku ile ile ya kwanza, kabla ngazi haijafika darini. Nikamuuliza basi mbona hukunirudishia. Akasema, "Sindano," kwa sababu ndivyo alivyoniita tangu utotoni, "ile ilikuwa kazi ya kwanza maishani mwako kuileta siku uliyoahidi. Niliogopa nikiirudisha hutaleta nyingine." Nikalia, naye akaniambia niache kulowesha shuka za hospitali, mama yetu alizifua za kutosha.

Wiki iliyofuata ndipo aliponipa daftari, na ndani yake nikaukuta mstari nilioutaja mwanzo. Unasema hivi, "Mwaka 1998 marehemu hakupewa usimamizi wa maabara kutokana na kosa lake mwenyewe la kuchora vibaya zana ya kufundishia." Nilimsihi aufute. Akasema historia ni yake, na makosa yaliyomo ni yake, mimi ninakili tu. Hatukulimaliza jambo hilo. Alifariki tarehe 17 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ndugu zangu, nilikaa na daftari hilo, na niliogopa kuligusa, kwa kuwa alinifundisha mwenyewe kwamba mambo yasipopatana huaminiwa mguu wa zamani, na mwandiko wake ulikuwa wa zamani kuliko wangu. Lakini juzi nilifungua droo ya cherehani kutafuta kalamu, nikaikuta karatasi hii ninayoinyanyua, ya mwezi Machi 1991, ambayo ni ya zamani kuliko daftari. Mbele ni penseli yake, ngazi imejipinda kulia, sawasawa kabisa. Nyuma ni kalamu yangu. Mwenye macho mazuri aje baadaye aitazame kwenye mwanga. Hakuchora vibaya. Hakukosea hata mstari mmoja.

Kwa hiyo nimeukata mstari ule, na mahali pake nimeandika hivi, "Mwaka 1998 marehemu alikosa usimamizi wa maabara kwa kulibeba kosa la mdogo wake, fundi cherehani, ambaye alilijua na akanyamaza." Na ninyi wanafunzi wake, kosa mlilokuwa mkilitafuta sakafuni kwa siku nne, tano, lilikuwa langu, mimi hapa. Mkuu wa chuo amekubali kwamba ngazi isiteremshwe na kibao kibaki, na karatasi hii itatiwa kwenye fremu, ila itatundikwa ofisini, ili darasa lijalo lisipewe jibu bure.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliopika, waliobeba maji na waliolala nasi sakafuni siku hizi zote, wafanyakazi wenzake wa chuo, na kwa namna ya pekee Mzee wa Chupa, ambaye amekuja kwa mkongojo na amekataa kukaa. Marehemu ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu, na mdogo kati yao jana aliniuliza mbona bibi amelala mchana, nikamsikia mama yake akivuta pumzi, maana neno lile sote tulilijua lilikotoka.

Dada, kazi uliyonipa hii hapa. Kosa limechelewa miaka thelathini na miwili kurekebishwa, lakini daftari nimelileta siku niliyoahidi. Mwenyezi Mungu, ambaye kiolezo chetu sote kiko mkononi mwake, akupokee na akujibu maswali yako yote bila haraka, nawe, Mama Ngazi, pumzika sasa, pumzika kwa amani.